Muulize Fundi: Wenzangu wana MacBook, HP yangu inakwama

SWALI: Fundi shikamoo. Nina steshenari ndogo hapa Morogoro, nachapa barua na CV, naskani, naprinti, na picha za pasipoti nazisafisha kwenye Photoshop. Sasa tupo grupu la WhatsApp wenye steshenari, juzi mtu kaanzisha mada kila mmoja ataje mashine na programu anazotumia, weee, mmoja MacBook Air M1, mwingine Lenovo ya i7, hadi wa Linux yupo, mimi nikanyamaza kimya maana yangu ni HP EliteBook 840 G3 ya mtumba, i5, RAM GB 4, hard disk GB 500, Windows 10. Nikiiwasha asubuhi nafagia ofisi nzima ndo inafunguka. Niuze niongezee hela?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ungetaja tu bila aibu, mimi hapa naandikia ThinkPad T440 ambayo ni kongwe kuliko hiyo yako.

Usiuze kwanza. Kesho ikiwaka bonyeza Ctrl+Shift+Esc, fungua Task Manager, angalia safu ya Disk. Nakuhakikishia asilimia itakuwa inagonga 100 imekuwa nyekundu huko, wakati CPU imetulia zake haina habari. Yaani prosesa (ndo hiyo CPU) inaisubiri hard disk, maana ile ni sahani inazunguka na kisindano kinahangaika kutafuta mafaili huku na huku. Weka SSD ya inchi 2.5, yaani diski isiyo na sahani ya kuzunguka, inakaa palepale ilipokuwa hard disk, halafu ongeza RAM (kumbukumbu ya kazi) ya aina ya DDR4 zifike GB 8. Hapo ndo unampita wa M1 kidogo, kwa sababu yake RAM imeshikana na chipu, alivyonunua ndo hivyohivyo mpaka kufa. Ila kwa chaji usishindane naye, atakuaibisha.

Windows sasa. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ukijiandikisha kwenye Windows Update unapata masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026. Windows 11 rasmi inataka Intel kuanzia kizazi cha nane, na yako ni cha sita, soma namba baada ya i5, itakuwa 6200U au 6300U, ile 6 ya mwanzo ndo kizazi. Na huyo wa i7 mwambie asome yake pia, i7 ya kizazi cha nne nayo inaachwa (wauzaji wa mtumba hawapendi swali hili kabisa).

Linux, ule mfumo wa kuweka badala ya Windows, naipenda, aina ya Mint ndo natumia, bure na nyepesi, ila kwako nasita. Photoshop haiingii, utabaki na GIMP, programu nyingine ya picha, uanze kujifunza mteja kasimama mlangoni, na CV iliyotengenezwa Word ukiifungua kwenye LibreOffice, mbadala wa Word, majedwali mengine yanahama. Kama una hamu, iweke kwenye flashi uiwashe bila kuinstoo, ujaribu printa na skana zako kwanza.

Ukishaweka SSD, ile hard disk ya zamani usimwachie fundi. Kwanza ina picha na vitambulisho vya wateja wako, pili ukinunua kava lake la USB unapata pa kubakapu kazi zako zote.