Kunguru wameruka: je, paka yupo?
Swali lako, ndugu yangu: “Paka akitokea sokoni Marikiti, kunguru huruka daima. Kunguru wameruka. Je, paka ametokea?” Jibu ni “haijulikani”, si “ndiyo”. Sentensi ya kwanza yatoka kwa paka kwenda kwa kunguru, hairudi nyuma. Huenda ni mkokoteni uliowashtua.

Andika pembeni P → K (P ni “paka ametokea”, K ni “kunguru wameruka”, mshale ni “ikiwa hivi, basi lazima vile”), kisha tazama umepewa nini. Ukipewa P, K ni lazima. Ukiambiwa kunguru hawakuruka, paka hakutokea, hapo hakuna ubishi. Ukipewa K, au “paka hakutokea”, umekwama.

Wengi huponzwa na kuwajua mno kunguru wa Mombasa (na nani asiyewajua!), wakajibu kwa mazoea badala ya kilichoandikwa. Na pakiwa na “mara nyingi” badala ya “daima”, futa huo mshale.