Sharti lililokuwa kwenye hati ya bibi

Wiki hii mmeuliza: Mzungu akikaa akauchunguza uzungu wake, mtu mweusi anapata nini? Najibu kutoka Minneapolis, Marekani, ninakofanya kazi ya kulea wazee.

George Floyd, Mmarekani mweusi, alipouawa na polisi mwaka 2020, mtaa wa bibi wa Kizungu ninayemhudumia ulijaa mabango. Majirani wakaunda kikundi, kila Jumatano wanakutana kanisani kuzungumzia rangi yao. Watu ishirini na ushei. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpeleka. Machozi yalikuwa mengi, biskuti nzuri. Siku moja garini bibi akaniambia hajawahi kujiona kama mtu mwenye rangi. Kicheko nilikimeza. Kwetu Mzungu akishuka tu kwenye daladala, watoto wameshamjulisha. (Na mimi weusi wangu niliujulia huku, kwenye fomu ya kazi. Morogoro nilikuwa Mluguru, basi.)

Yale machozi yalinichosha. Kilichonigeuza ni karatasi. Tangu 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota wanafukua hati za zamani za nyumba na kuzionyesha kwenye ramani. Mjukuu akamtafutia bibi hati ya nyumba yake, iliyo karibu na kijito cha Minnehaha. Macho yake hayaoni vizuri, akanipa nimsomee. Nilikuwa ndiyo kwanza nimemaliza kumwogesha, mikono bado ina unyevu. Baada ya kipengele cha umbali wa nyumba kutoka barabarani, likafuata sharti: isiuzwe wala kupangishwa kwa asiye Mzungu. Nikalisoma kwa sauti. Siku hiyo hakulia. Aliniomba nirudie.

Masharti hayo yalianza mjini humu mwaka 1910. Mwaka 1948 Mahakama ya Juu ya Marekani ilizuia mahakama kuyatekeleza, na sheria ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wa makazi. Lakini baba wa bibi alikuwa ameshanunua, na ni nyumba hiyo iliyowekwa rehani bibi akasoma chuo. Tangu 2019 sheria ya Minnesota inamruhusu mwenye nyumba kusajili waraka wa kulikana sharti. Alisaini, mkono ukitetemeka.

Kwa hiyo jibu langu: kujichunguza kukifika kwenye hati, kunasaidia. Kukiishia kwenye biskuti, ni kupitisha jioni tu.

Jumatano iliyofuata bibi aliwaomba wenzake kila mmoja aje na hati yake, aeleze na pesa ya kununulia ilitoka wapi. Wiki ya pili yake nilipanga viti ishirini kama kawaida. Walikuja watano.