Maswali ya Wasomaji: Mota ya trimu inayokwenda mbio kuliko inavyotakiwa

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Ninaishi Minnesota, Marekani, na baada ya miaka sita ya kazi katika karakana ya nyumbani, ndege yangu ya viti viwili aina ya RV-7 sasa inaruka. Trimu ya eleveta, yaani kibao kidogo kwenye bawa la mkia linaloinua na kushusha pua (eleveta), kinachompunguzia rubani uzito wa usukani, inaendeshwa na mota ndogo ya kampuni ya Ray Allen iliyofungwa ndani ya eleveta ya kushoto, nami naiamuru kwa swichi ya kidole gumba iliyo juu ya usukani. Ninapokuja kutua, trimu inanitii vizuri. Nikiwa safarini kwa kilomita 300 kwa saa, mguso mmoja mfupi unapeleka pua ya ndege mbali kuliko nilivyokusudia. Nikirudisha, inapita upande wa pili, na nikirudisha tena, hali ni ileile. Rafiki yangu amenishauri nifunge rezista, kile kipande kinachozuia sehemu ya umeme, kwenye waya mmoja wa mota ili ipunguze mwendo. Je, niufuate ushauri huo?

JIBU: Ndugu msomaji, pokea hongera zangu kwa kuirusha ndege uliyoijenga kwa mikono yako. Tatizo unalolieleza linawapata wengi wenye ndege za kasi zilizojengwa nyumbani, na halina maana kwamba umekosea kufunga kitu. Mota yako inazunguka kwa mwendo uleule wakati wote, ila hewa inayopita juu ya kibao cha trimu haina nguvu ileile wakati wote. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 120 kwa saa, unapokaribia kutua, hadi kilomita 300 za safarini, kasi imeongezeka mara mbili na nusu, lakini nguvu ya kibao kwa kila nyuzi moja ya mwinamo imeongezeka zaidi ya mara sita. Ndiyo maana nusu sekunde ya kubonyeza, ambayo karibu na uwanja ni marekebisho madogo, huko juu inakuwa kama umebonyeza kwa sekunde tatu nzima.

Rezista usiifunge. Mota ya umeme wa betri hufuata volti kwa mwendo wake na hufuata ampia kwa nguvu zake. Ikielemewa na mzigo, huomba ampia nyingi zaidi, na rezista iliyo njiani huzuia volti nyingi zaidi kila ampia zinapoongezeka. Maana yake ni kwamba mota itanyimwa umeme wakati uleule inapouhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Unaweza kujionea mezani: mota isiyo na mzigo, yenye rezista, itatembeza kijiti chake polepole na kwa upole kiasi cha kukuridhisha kabisa, lakini ukikifungia kijiti hicho chupa ya maji kwa uzi na kukiagiza kiinue, utaisikia sauti ya mota ikishuka, kisha ikinyamaza huku swichi bado imebonyezwa. Mota hizi husukuma kijiti kwa skrubu, kwa hiyo hewa haiwezi kukirudisha nyuma; trimu iliyokwama itabaki hapo ilipokwama, na wewe utabaki umeshikilia usukani kwa mkono hadi utakapotua.

Wapo wanaotumia kidhibiti volti cha LM317, ambacho ni bora kuliko rezista kwa sababu kinashikilia volti ulizozipanga hata mzigo ukibadilika. Ukiweka rezista ya omu 240 kati ya mguu wa kutolea umeme na mguu wa kurekebishia, na nyingine ya omu 910 kutoka mguu wa kurekebishia hadi upande hasi, utapata takriban volti 6. Gharama yake ni joto. Katika ndege yenye volti 14, mota ikitumia theluthi moja ya ampia, kidhibiti kinapaswa kutupa karibu wati 2.7, na bila kipande cha alumini cha kukipooza kitaunguza kidole. Kikizidi joto hujikata chenyewe, jambo ambalo ni zuri kwa kidhibiti na baya kwa rubani anayesubiri trimu.

Ninachokushauri mimi ni kidhibiti cha mapigo, yaani kile kinachowasha na kuzima umeme mara nyingi sana kwa sekunde, na kubadilisha urefu wa muda wa kuwaka kulinganisha na muda wa kuzima. Kila pigo linafika likiwa na volti kamili, kwa hiyo mota inakwenda polepole bila kupoteza nguvu nyingi za kusukuma, na joto linalopotea ni dogo. Chagua chenye kitufe cha kuzungushia ili uweze kurekebisha mwendo, na hakikisha kina diodi ya kupitishia umeme unaorudishwa na mota kila pigo linapokatika.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni mahali pa kukifunga. Mota ya trimu hugeuza mwelekeo kwa kubadilishana chanya na hasi kwenye nyaya zake mbili, na kazi hiyo hufanywa na swichi au rilei mbili, yaani swichi zinazovutwa na koili ya umeme. Ukikifunga kidhibiti baada ya rilei, karibu na mota, nusu ya wakati kitapokea umeme uliogeuzwa, na vidhibiti vingi haviwezi kustahimili hilo. Kifunge kabla ya rilei, mahali ambapo chanya ni chanya daima, huku koili za rilei zikipata umeme wake wa moja kwa moja, usiopita kwenye kidhibiti, la sivyo rilei zitatetemeka kwa mapigo na kuunguza ncha zake. Angalia pia kama kidhibiti chako kinakata upande wa chanya au wa hasi. Vingi vya bei nafuu hukata upande wa hasi, na hapo waya hasi wa ncha za rilei hauruhusiwi kugusa bodi ya ndege, maana ukigusa, kidhibiti kitakuwa kimerukwa na mota itarudi kwenye mwendo wake wa zamani.

Mpangilio huu una faida mbili zaidi. Rilei zikiwa zimetulia, nyaya zote mbili za mota zinakutana upande mmoja, nayo inajifunga breki na kusimama papo hapo badala ya kuserereka. Faida ya pili ni kubwa zaidi. Transista ya kidhibiti, yaani swichi yake ya elektroniki, inapokufa, mara nyingi hufa ikiwa imeshikana, yaani inapitisha umeme bila kukoma. Kama iko kabla ya rilei, utakachopoteza ni upole tu, kwa sababu mota haitasogea mpaka wewe ubonyeze. Kama umenunua kifaa cha elektroniki kinachofanya kazi ya rilei na kazi ya kidhibiti kwa pamoja, kufa kwa namna hiyohiyo kunaweza kuiendesha mota bila amri yako.

Usiishie kwenye mwendo mmoja wa polepole. Fikiria umeshuka kutua, trimu imevutwa nyuma sana, kisha unaona njia haifai na unaghairi. Unatia nguvu zote za injini, pua inanyanyuka yenyewe, na unahitaji kuishusha trimu haraka. Mota uliyoipunguza ili ikufae safarini itakuchelewesha hapo. Kwa hiyo weka swichi ndogo ya njia mbili kwenye mkono wa flapu, yaani vibao vya nyuma ya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua: flapu zikiwa juu, umeme upite kwenye kidhibiti, flapu zikishuka, umeme uende moja kwa moja kwenye rilei. Unapoghairi kutua flapu bado ziko chini, basi mwendo wa haraka uko tayari bila wewe kuukumbuka. Hata Boeing 737 ina utaratibu wa jinsi hiyo, kwani trimu yake ya umeme huenda haraka zaidi flapu zikiwa zimeshushwa. Mwenye mfumo wa skrini za rubani wa Garmin G3X na mota ya rubani otomatiki ya GSA 28 anaweza kuuachia mfumo wenyewe upange mwendo wa trimu kwa kufuata kasi ya ndege, nami sioni sababu ya kuongeza sanduku jingine katika ndege iliyo na kifaa hicho.

Hukuniuliza juu ya trimu inayokimbia bila kuamriwa, lakini siwezi kuliacha. Wasomaji wetu wa Afrika Mashariki hawajaisahau ndege ya Ethiopian Airlines iliyoondoka Addis Ababa kuja Nairobi tarehe 10 Machi 2019. Watu 157 walifariki, 32 kati yao Wakenya, baada ya mfumo wa kompyuta, uliopotoshwa na kihisio kibovu, kuendelea kuisukuma trimu ya mkia ili pua ishuke. Ndege yako ni ndogo na haina mfumo huo, ila swichi yako inaweza kukwama na ncha za rilei zinaweza kushikana. Fyuzi haitakuokoa, kwa sababu mota inayokimbia inatumia umeme wa kawaida tu, na fyuzi ipo kwa ajili ya kuulinda waya. Unachohitaji ni swichi ya kukata umeme wa trimu peke yake, yenye rangi au umbo tofauti, mahali ambapo mkono unaifikia bila kutafuta. Ukiweza, ongeza kipima muda kinachokata amri yoyote iliyozidi sekunde tatu mpaka kidole kiachie na kubonyeza upya. Mwendo wa polepole wenyewe ni ulinzi, maana unakupa muda wa kutambua kinachotokea kabla uzito wa usukani haujawa mkubwa.

Anza kwa kupima muda wa kibao kutoka mwisho mmoja hadi mwingine kwa volti kamili, kisha punguza hadi muda uwe mara tatu, na urekebishe baada ya kuruka. Fanya kipimo cha mwisho asubuhi ya baridi kali, hanga likiwa halijapashwa moto, kwa kuwa grisi ikiganda mota huhitaji nguvu zaidi ili ianze. Kama haianzi kila unapogusa, ongeza mwendo kidogo. Andika mabadiliko hayo katika kitabu cha ndege, na usome masharti yako ya urukaji ujue kama yanakutaka urudie kipindi cha majaribio. Safari ya kwanza nenda peke yako, juu vya kutosha, na ujaribu kwa kusudi kuisukuma trimu hatua kwa hatua kutoka mahali pake katika kasi ndogo, ili mikono yako ijue uzito wake.

SWALI: Ndugu Fundi, nilifunga kidhibiti cha mapigo, na trimu imetulia vizuri, lakini kila ninapobonyeza nasikia mlio mwembamba katika hedifoni. Nifanye nini?

JIBU: Mlio huo ni mapigo yenyewe, yanayoingia ama kupitia waya wa umeme unaoilisha redio au kupitia waya hasi unaotumiwa na redio na kidhibiti kwa pamoja. Sokota nyaya mbili za mota pamoja kutoka rilei hadi mkiani, uzitenge na nyaya za maikrofoni, na upeleke waya hasi wa kidhibiti moja kwa moja kwenye kituo kikuu cha hasi badala ya kuufunga kwenye skrubu iliyo karibu. Kapasita ya mikrofaradi mia chache kwenye mlango wa kuingizia umeme wa kidhibiti mara nyingi humaliza kilichobaki. Kama kidhibiti chako kinaruhusu, pandisha idadi ya mapigo kupita elfu ishirini kwa sekunde, ambapo sikio la binadamu halisikii tena.

SWALI: Je, trimu ya kulalia upande, ile inayosawazisha mabawa, nayo ipunguzwe mwendo?

JIBU: Katika ndege nyingi za RV mota hiyo haina kibao, inavuta springi zilizofungwa kwenye usukani, na nguvu ya springi haibadiliki kwa kasi ya hewa. Iache ilivyo, ila iwekee swichi yake ya kukata umeme, tofauti na ile ya eleveta, usije ukakata zote mbili kwa ajili ya moja iliyoharibika.