Kama muuzaji ni ndugu wa mwenyekiti, andikeni

Juzi vijana wa kikundi kimoja cha uvuvi hapa Amu (Lamu, Kenya) waliniletea ripoti ya ruzuku niipitie. Kwenye mgongano wa maslahi wameandika "Hakuna". Nikawauliza, friza mmenunua kwa nani? Wakajibu, kwa shemeji yake katibu. Wanangu, hapo nilishaanguka mimi. Shikeni haya manne.

1. Pesa za ruzuku zisilale akaunti moja na za chama, hata usiku mmoja.

2. Nahodha wa boti ya Mokowe hana risiti. Bebeni kitabu cha vocha za malipo, atie sahihi na namba ya simu kabla hamjashuka gatini.

3. Undugu. Nilikuwa mweka hazina, tumepata ruzuku ya serikali ya nyavu na makasha ya barafu. Kotesheni tatu, yaani bei za wauzaji watatu kwa maandishi, tulichukua, na ya chini kabisa ilikuwa ya ndugu wa mwenyekiti, baba mmoja mama mmoja. Fomu ikauliza kama kiongozi yeyote ana undugu na muuzaji. Nikaandika hapana. Nilijiambia, Lamu hii nani si jamaa ya nani?

Mkaguzi hata bei hakuuliza. Alikiweka kitambulisho cha mwenyekiti kando ya kibali cha biashara cha muuzaji, akagusa jina la babu kwa kidole. Nikakosa la kusema. Kotesheni zetu zote, halali kabisa, zikaingia shaka. Awamu ya pili ikazuiwa, na kaskazi nzima akina mama waliuza samaki kwa bei ya dalali kwa kukosa makasha. Mwenyekiti, ambaye hakula hata shilingi, akaitwa mwizi barazani. Nilikwenda kwake kuomba radhi. Akanimiminia kahawa, haikunipita kooni.

Zilihitajika sentensi mbili tu: "Muuzaji ni ndugu wa mwenyekiti, bei yake ndiyo ya chini. Mwenyekiti alitoka kikaoni kabla ya uamuzi, tazama muhtasari wa kikao."

4. Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa 30 Juni. Anzeni kukusanya karatasi Mei. Na kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, ripoti yenu ikiwemo. Jirani asiwatangulie: bandikeni matumizi ubaoni wenyewe.

Ripoti ya vijana nimeirudisha. Wamekwenda kuutafuta muhtasari. Ikiwa katibu alikuwa amekaa pale pale shemeji yake akichaguliwa, na hilo waliandike.