Swali la Lugha: Shujaa Mkuu, Shujaa Mkubwa Zaidi, au Shujaa Kuliko Nani?

Msomaji wetu mmoja wa Iringa, ambaye ni mwalimu wa sekondari, ametuandikia hivi: "Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, mimi na walimu wenzangu tulibishana kuhusu nani anastahili kuitwa shujaa mkubwa zaidi wa taifa letu. Mimi nilimtaja Mkwawa. Mwenzangu, ambaye kwao ni Songea, alimtaja Songea Mbano, na wa tatu akasema hakuna wa kumfikia Mwalimu Nyerere. Baada ya muda ubishi ulihamia kwenye maneno yenyewe. Mmoja alidai kwamba Mwalimu haitwi shujaa kwa sababu hakushika silaha. Mwingine akasema 'shujaa mkubwa zaidi' si Kiswahili fasaha na kwamba tulipaswa kusema 'shujaa mkuu'. Naomba utuamulie. Na je, tuseme mashujaa wetu, mashujaa zetu au mashujaa yetu?"

Ndugu mwalimu, kuamua baina ya Mkwawa, Songea Mbano na Mwalimu Nyerere si kazi ya safu ya lugha. Hata hivyo, nilipoisoma barua yako niliona kwamba sehemu kubwa ya ubishi wenu imetokana na maneno mliyoyatumia, kwa kuwa kila mmoja wenu alisema "shujaa" akiwa na maana yake moyoni, na kila mmoja alisema "mkubwa zaidi" bila kutaja kipimo. Hayo mawili yako ndani ya uwezo wa lugha.

Nianze na neno lenyewe. Shujaa ni neno lililotoka katika Kiarabu, na limekaa katika Kiswahili muda mrefu kiasi cha kuingia katika methali za wenyewe. Methali inayolifafanua kuliko kamusi yoyote niijuayo ni ile isemayo, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Itazame kwa makini. Haisemi kwamba shujaa hushinda, wala haisemi kwamba ana nguvu au upanga. Inasema kwamba nyumbani kwake watu hulia, kwa maana yeye alikwenda mahali ambapo mwoga alikataa kwenda, na hakurudi. Mzizi wa ushujaa katika Kiswahili, kwa mujibu wa methali hii, ni kuikabili hatari huku ukiijua gharama yake.

Liweke neno hili kando ya ndugu zake wawili, hodari na jasiri. Hodari lilibeba ushupavu na uimara, lakini leo tunalitumia zaidi kwa mwanafunzi anayefaulu au fundi anayeijua kazi yake, na hakuna anayemfikiria fundi hodari kama mtu aliye karibu na kaburi. Jasiri nalo limeelemea upande wa uthubutu, wa mtu asiyesita kuanza jambo, ndiyo maana lilifaa kuundia neno mjasiriamali, yaani mtu anayethubutu kuitia mali yake katika shughuli ambayo huenda ikampa hasara. Shujaa peke yake ndilo lililobaki na kilio mlangoni.

Fasihi yetu ya kale inathibitisha jambo hilo. Fumo Liyongo, ambaye watu wa pwani ya kaskazini wamemsimulia kizazi baada ya kizazi, hakumbukwi kwa ufalme, maana hakuupata. Anakumbukwa kwa namna alivyokufa. Mwanawe wa kumzaa alishawishiwa na maadui akamchoma kitovuni kwa sindano ya shaba, naye akajikokota hadi kisimani, akapiga goti, akautega mshale kwenye upinde wake, akafia katika hali hiyo. Watu wa mji walikaa na kiu bila kuthubutu kusogea, kwa kudhani angali hai, mpaka mama yake alipoletwa kumbembeleza. Maiti iliyopiga goti, ambayo mji mzima unaiogopa, ndiyo picha ya shujaa iliyozama ndani kabisa katika lugha hii.

Kwa kipimo hicho, Mkwawa analivaa neno hili bila kulikunja mahali popote. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi lake lilikivamia kikosi cha Wajerumani huko Lugalo na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Ngome yake ya Kalenga ilipovunjwa mwaka 1894 hakujisalimisha, bali aliendelea kuwindwa porini kwa karibu miaka minne, na mwezi Julai 1898 akajiua mwenyewe kuliko kukamatwa. Kichwa chake kilichukuliwa, na madai ya kukirudisha yaliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, lakini fuvu lilirejea Kalenga mwaka 1954 tu. Wewe wa Iringa unajua kwamba wenyeji humwita Mtwa, jina la cheo cha utawala. Utawala alirithi, ila ushujaa aliupata mwenyewe, na ni vizuri maneno hayo mawili yasichanganywe. Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 wakati wa Vita vya Maji Maji, anaingia kwa mlango uo huo.

Sasa, Mwalimu aliyekuwa hana silaha. Mwenzako aliyesema kwamba asiyeshika silaha haitwi shujaa ameongeza sharti ambalo lugha haikuliweka. Mfano wa kumjibu uko jirani na Songea Mbano mwenyewe. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa mganga, aligawa maji na maneno, naye alinyongwa mwaka 1905 vita vikiwa vichanga. Sijawahi kumsikia Mtanzania akimnyima jina la shujaa kwa kuwa hakurusha mkuki. Kilichompa jina hilo ni kitanzi alichokubali kukikaribia. Mwalimu Nyerere hakufika kwenye kitanzi, lakini mwaka 1955 aliacha ualimu wa Pugu, kazi yenye mshahara na heshima, ili aitumikie TANU wakati ambapo hakuna aliyejua mwisho wake, na mwaka 1958 alishitakiwa na kutozwa faini kwa maneno aliyoyaandika dhidi ya maofisa wa serikali ya kikoloni. Hiyo ni hatari iliyokabiliwa kwa macho makavu. Kwa hiyo kumwita shujaa si kosa la lugha.

Hata hivyo, nina shaka kwamba mwenzenu wa tatu alikuwa na mashtaka ya 1958 akilini alipomtaja Mwalimu. Nadhani alimaanisha kujenga taifa, umoja wa makabila zaidi ya mia, na Kiswahili hiki tunachobishania leo. Kwa hayo lugha ina maneno mengine, tena mazuri: mwasisi, kwa aliyeweka msingi, mpigania uhuru, kwa aliyeudai, na Baba wa Taifa, ambalo si daraja ya ushujaa hata kidogo. Baba ni nafasi katika nyumba. Nyumba ina baba mmoja hata ikiwa na wana mashujaa ishirini, na baba haongezewi ubaba kwa kuitwa shujaa, wala hapunguziwi kwa kutoitwa. Ninaposikia watu wakipambanisha "Baba wa Taifa" na "shujaa" kana kwamba ni daraja mbili za ngazi moja, naona wanawanyima wote wawili sifa zao halisi.

Tuje kwenye mkuu na mkubwa, ambako ndiko penye utamu. Kivumishi -kuu katika Kiswahili hutaja cheo au nafasi ya juu: Waziri Mkuu, mkuu wa shule, lango kuu, kanisa kuu, na sikukuu yenyewe, ambayo ni siku iliyopandishwa juu ya siku nyingine. Ukisema "shujaa mkuu" umemweka mtu kwenye kiti. Msikilizaji ana haki ya kuuliza ni nani aliyemtawaza, maana ukuu wa namna hii hutolewa na chombo chenye mamlaka, iwe serikali, bunge au mila. Kwa hiyo "shujaa mkuu" ni Kiswahili kizuri, lakini kinafaa pale ambapo uteuzi umekwisha kufanyika. Hakifai kwa ubishi wa ofisi ya walimu, ambako bado mnatafuta.

"Shujaa mkubwa" ni jambo jingine. Linataja kiasi tu, na linaweza kuwahusu watu mia kwa wakati mmoja. Tatizo linaanza mnapoongeza "zaidi". Sikubaliani na aliyesema kwamba "shujaa mkubwa zaidi" si Kiswahili, kwani limezoeleka magazetini na redioni na linaeleweka. Ila ni kauli iliyokatika njiani. Zaidi hudai mwenzake: zaidi ya nani? Lugha yetu haina umbo la kivumishi linaloweza kusimama peke yake na kutangaza kwamba huyu amewashinda wote. Sisi hulinganisha kwa maneno yenye asili ya vitenzi, yaani kupita, kushinda, kuzidi, na hasa kuliko. Hili la mwisho huelezwa kuwa ni ku-li-ko, yaani "pale alipo". Ukisema "Mkwawa ni shujaa kuliko fulani", maana ya chini yake ni kwamba pale alipo huyo fulani, Mkwawa ndiye anayeonekana kuwa shujaa. Lazima huyo wa pili awepo mahali fulani ndipo sentensi ipate miguu.

Hapo ndipo ninapoiona hekima ya sarufi yetu, na nalisema hili kwa dhati. Kiswahili kinamlazimisha anayemtukuza mtu ataje aliyempita, na mara nyingi kinamvuta ataje pia jambo alilompita kwalo, kwa kutumia kihusishi kwa. Jaribuni kuziandika upya kauli zenu tatu. "Mkwawa anawapita wote kwa muda alioukabili utawala wa kigeni akiwa peke yake." "Songea Mbano anawapita wote kwa kuwa alikufa pamoja na watu wake." "Mwalimu anawapita wote kwa kutuunganisha." Mkishafika hapo mtagundua kwamba sentensi hizo hazigongani. Kila moja ina kwa yake, na inaweza kupimwa kwa ushahidi wake bila kumbomoa mtu mwingine.

Lugha nyingine za jirani zimechagua njia tofauti. Nchini Rwanda mashujaa wa taifa wamewekwa katika daraja tatu zenye majina ya Kinyarwanda, Imanzi, Imena na Ingenzi, na Imanzi ndiyo ya juu. Kiswahili hakijaunda ngazi ya namna hiyo, nami sioni haja ya kuitafsiri. Mfano ulio karibu zaidi na hali yetu ni wa Kenya. Kwa miaka mingi tarehe 20 Oktoba iliitwa Siku ya Kenyatta, kukumbuka alivyokamatwa yeye na wenzake mwaka 1952. Katiba ya mwaka 2010 iliibadilisha kuwa Siku ya Mashujaa, na neno mashujaa limeandikwa hivyo hivyo hata katika matini ya Kiingereza ya katiba hiyo. Jina la mtu mmoja lilipisha neno la wingi pamoja na kila kilichofuatana nalo: Dedan Kimathi aliyenyongwa mwaka 1957, Mekatilili wa Menza aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913, na wengine wengi ambao siku yenye jina la mtu mmoja isingeweza kuwabeba. Hata Siku ya Mashujaa iliyozusha ubishi wenu hapa Tanzania imo katika wingi.

Umetumia neno "anastahili", nalo ni sahihi. Wapo wanaoona kwamba stahili na stahiki ni neno moja lenye matamshi mawili, lakini asili zake ni mbili: stahiki lina undugu na haki, na stahili lina undugu na ahali, yaani kuwa mwenyeji wa jambo, kulifaa. Katika matumizi ya leo yamekaribiana mno, na sitamkosoa anayeyabadilishana. Mimi mwenyewe, katika suala la mashujaa, hupendelea stahili, kwa kuwa mtu aliyekufa kwa ajili ya wengine hakuacha dai la haki yake ya kusifiwa.

Kuhusu swali lako la mwisho, sema mashujaa wetu. Kiambishi ma- kinawadanganya wengi wakasema "mashujaa yetu" kwa mfano wa "maembe yetu", ilhali nomino zinazotaja watu hufuata upatanisho wa a- na wa-, ndiyo maana tunasema "mashujaa wale walipigana" na hatusemi "mashujaa yale yalipigana". Kosa la "mashujaa zetu" lina chanzo chake pia: limeigwa kutoka "ndugu zetu" na "marafiki zetu", maneno ya undugu na ukaribu ambayo Kiswahili huyapa vimilikishi vya namna yake. Shujaa si jina la undugu, kwa hiyo katika umoja ni shujaa wetu, wala si shujaa yetu.

Neno hilo pia halina jinsia, nami nawaomba walimu mlikazie hili darasani, kwa sababu naona "shujaa wa kike" likienea katika maandishi kama kwamba shujaa mtupu ni mwanamume. Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma wa Dar es Salaam aliyewaingiza wanawake katika TANU kwa wingi, na ambaye baadaye alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini kabla ya kuachiwa mwaka 1972, hakutajwa na yeyote kati yenu watatu. Atakapotajwa katika ubishi wenu ujao, neno ni lile lile moja, bila nyongeza: shujaa.