Kuanika na kuanua: nyumba yetu ukingoni mwa kusi

Jumamosi moja ya Agosti nilianua nguo mara nne. Mara ya kwanza nilipanda darini nikicheka. Mara ya nne nilikuwa nawafokea watoto wote watatu kwa kosa ambalo hadi leo sijui lilikuwa la nani. Mama mkwe alikuwa kibarazani akichambua mchele, akaniangalia tu. Jioni, watoto walipolala, ndipo aliponiambia: "Mchoo huu, mwanangu. Haupangiwi siku."

Wasomaji wa bara mtuvumilie. Huku kwetu Mombasa, kusi (upepo wa kutoka kusini) hushika Aprili pamoja na mvua ya mwaka, likaenda hadi Septemba hivi. Katikati ya hapo kuna kipupwe, ambapo usiku joto hushuka hadi nyuzi 20 na kidogo. Mtu wa Limuru atacheka, lakini Kibokoni tumeshatoa masweta. Kipupwe kinapokaribia kuisha na demani, msimu wa utulivu unaofuata, haijatulia, ndipo hewa inapokosa msimamo, na huo ndio mchoo wa mama mkwe: alfajiri manyunyu kutoka baharini, saa nne jua la kuchoma, saa saba wingu, kisha upepo unaobamiza milango hadi mtoto mchanga wa jirani anaamka. Na shule zimefungwa.

Tangu siku ile niliacha kuwa na "siku ya kufua". Nafua beseni moja kila siku, basi. Kwa kuwa manyunyu mengi ya huku kwetu hupiga usiku na alfajiri, sianiki kabla ya saa tatu. Leso, sare na nguo za ndani hupanda darini. Upepo wa kusi hukausha leso haraka hata kama jua limejificha. Suruali za jinzi na mashuka hungoja, au huning'inia koridoni chini ya feni.

Kila siku mtoto mmoja huwa na zamu ya dari. Tumemfundisha aangalie upande wa Fort Jesus: pakifanya weusi na upepo ukaja na baridi ya ghafla, aanue bila kuniuliza. Hilo la "bila kuniuliza" ndilo lililopunguza kelele nyumbani kuliko yote. Mwanzoni alianua kwa kila kiwingu. Nilimwachia. Kuanika tena si kazi kubwa kama kufua tena.

Nguo nusu kavu usiikunje, hata ukiwa umechoka vipi. Itavunda kabatini na kuambukiza za jirani zake. Na msidanganyike na udi. Ijumaa moja nilifukiza kanzu ya mume wangu iliyokuwa imevunda, akaenda msikitini ananukia udi kwa mbele na panya kwa nyuma. Ilibidi ifuliwe upya, ikaoshwa na siki kidogo, ikapata jua.

Kuna jambo moja sitalifanyia mzaha: msiingize jiko la makaa chumbani mkafunga madirisha ili nguo zikauke au mtoto apate joto. Makaa hutoa gesi isiyo na harufu wala rangi, na huua watu waliolala. Hata makaa yaliyofifia bado yanaitoa. Jiko libaki uani.

Mafua nayo. Bibi yao anaamini ni baridi ya miguuni, nami sibishani naye, nawavalisha soksi. Lakini nimeona mwenyewe kwamba tukifunga madirisha kwa siku mbili, akikohoa mmoja wanakohoa wote. Kwa hiyo dirisha la upande usiopigwa na mvua hubaki wazi, usiku pia. Chai ya tangawizi hainywewi kwa sababu ya mafua, hunywewa kwa sababu ni tamu.

Kuhusu chakula sina mengi. Bahari ikichafuka vyombo vidogo havitoki, na samaki hupanda bei. Msimu huu ni wa mbaazi za nazi na mchuzi wa papa mkavu, na anayetaka changu angoje demani.

Maji ya mvua ndiyo yaliyonifunza kwa uchungu. Mfereji wetu hutoka unapotaka, kwa hiyo tunakinga kila tone la bati. Maji ya dakika za mwanzo tunayamwaga, kwani yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Yanayofuata ni ya kufulia na ya choo. Tatizo ni vyombo. Mlipuko wa chikungunya, homa inayoletwa na mbu, ulioanza Mombasa mwishoni mwa 2017 ulinikuta 2018, nikashindwa kufungua hata chupa ya maji kwa maumivu ya vifundo. Jina lenyewe ni la Kimakonde, likieleza mtu anavyojikunja. Aliyelitunga alikuwa ameugua, bila shaka. Mbu wake ana madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hahitaji dimbwi. Kopo linamtosha. Mayai yake hugandama ukingoni mwa chombo na kustahimili ukavu kwa miezi, yakingoja mvua nyingine. Hewa yetu hii ya mvua-jua-mvua ndiyo anayoitaka.

Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi. Ndani ya chombo pasuguliwe kwa brashi. Mapipa yafunikwe, na kama hayana kifuniko, kitambaa kilichokazwa kwa kamba. Ijumaa asubuhi watoto huzunguka uani na darini kupindua kila kinachoweza kushika maji, na anayepata viluwiluwi hupewa mabuyu. Wiki iliyopita kitinda mimba wangu aliniletea kifuniko cha soda alichokitoa nyuma ya chungu cha mrehani. Tukakiinamia pamoja kwenye mwanga wa dirisha. Walikuwa wanne.