Maswali Yenu: Magitaa, Kengele na Hesabu za Back in Black

Makala yetu kuhusu Back in Black, albamu ya mwaka 1980 ya bendi ya roki ya AC/DC kutoka Australia, imetuletea barua nyingi kuliko tulivyotarajia. Hizi nne zimegusa mambo ambayo wengine wengi pia wameyauliza.

Napiga gitaa la rizim kwenye bendi yetu. Wimbo uliobeba jina la albamu nimeushika wote, lakini nikiupiga kwenye ampu unakuwa uji. Distoshoni, yaani mkwaruzo wa sauti, nimeifungua mpaka mwisho na ule uzito bado siupati. Nakosea wapi?

Unakosea hapo hapo kwenye kufungua mpaka mwisho. Sikiliza tena kwa hedifoni: magitaa ya albamu hii yamekwaruzwa kidogo sana. Malcolm Young, mpiga rizim wa AC/DC, alitumia gitaa la Gretsch Jet Firebird lililobakizwa pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) moja tu, ile ya kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia, akalifunga nyuzi nene na kulichomeka kwenye ampu ya Marshall ya vali. Ukali wake ulitoka mkononi. Mdogo wake Angus, mwenye Gibson SG, alitumia nyuzi nyembamba, na studioni alipitisha gitaa kwenye Schaffer-Vega, mtambo wa kupiga bila waya uliokuwa ukiibana na kuisukuma sauti kabla haijafika kwenye ampu. Ndiyo sababu solo zake zinauma bila kuvuma ovyo.

Uji unatokana na hili: kodi kamili, yaani nota kadhaa zinazolia pamoja, ina nota nyingi, na distoshoni huzalisha sauti za ziada kati ya kila nota na mwenzake. Ukiizidisha, hizo za ziada zinaimeza kodi yenyewe. Kwa hiyo toa pedali. Weka geini, kitufe cha mkwaruzo kwenye ampu, kwenye 3 au 4 kati ya 10, kisha upandishe sauti ya ampu. Besi iwe 4, sauti ya kati 6 au 7, sauti kali 5. Piga kodi ya E ya wazi, uzi mmoja mmoja ukiwa bado unalia. Kama huwezi kuutofautisha mmoja na mwingine, punguza geini tena.

Halafu kuna kimya, na hapa ndipo bendi nyingi huanguka. Baada ya E, baada ya D, baada ya A, nyuzi zizimwe kwa mikono yote miwili: wa kushoto ulegeze bila kuachia, kiganja cha kulia kitue kwenye daraja. Mwendo ni kama mapigo 94 kwa dakika. Washeni metronomu, maana watu wakiogopa lile pengo hukimbilia kodi inayofuata, na kabla ya kiitikio mko kwenye 102. Phil Rudd kwenye drams hakimbii hata siku moja. Mkirekodi, gitaa moja liende kushoto na jingine kulia, kama walivyopangwa Malcolm na Angus, katikati mwachie besi, drams na mwimbaji.

Kengele ya mwanzo wa wimbo wa “Hells Bells” ni ya kweli au ni kinanda?

Ni ya kweli, na iliwasumbua. Nyimbo zilirekodiwa Compass Point, Nassau, katika visiwa vya Bahamas, chini ya prodyusa Robert John “Mutt” Lange, lakini kengele ilifuatwa Uingereza. Fundi wa kurekodi Tony Platt alianza na kengele ya mnara wa ukumbusho mjini Loughborough. Kila ilipogongwa, ndege waliokuwa wamejilaza humo walipuruka, na mabawa yao yakaingia kwenye maiki. Ikabidi warekodi ile iliyokuwa ikitengenezwa kwa ajili ya bendi yenyewe katika kiwanda cha John Taylor, mji huo huo, kwa kutumia studio ya kwenye gari ya Ronnie Lane. Ilikuwa na uzito wa karibu tani moja. Tepu ikachezwa kwa nusu ya kasi, sauti ikashuka oktavu nzima na mlio ukarefuka maradufu, hivyo inasikika kama kengele kubwa zaidi. Ukitaka kulijaribu hilo kwenye kompyuta, hakikisha kasi na kimo cha sauti vinashuka pamoja. Programu nyingi hukilinda kimo zenyewe, na hapo utapata kengele ile ile iliyochelewa tu.

Nimesoma kwamba ni kati ya albamu zilizouzwa zaidi duniani, lakini pia kwamba haikuwahi kuwa namba moja Marekani. Kipi ni kweli?

Vyote. Ilitoka Julai 1980, ikashika namba 1 Uingereza, na Marekani ikaishia namba 4. Chati hupima wiki moja. Hii iliuzwa polepole, mwaka baada ya mwaka. Kichekesho ni kwamba mwaka 1981 kampuni ya Atlantic iliwatolea Wamarekani Dirty Deeds Done Dirt Cheap, albamu yao ya 1976 ambayo kampuni ilikuwa imeikataa, nayo ikafika namba 3. Mwishoni mwa mwaka huo For Those About to Rock ikachukua namba 1. Leo hakuna anayedai kwamba hizo mbili ni bora zaidi.

Hesabu rasmi ya mauzo ya Marekani ilifika nakala milioni 27 mwaka 2024. Tangu 2016 hesabu hiyo inachanganya na usikilizaji wa mtandaoni: mara 1,500 za kusikilizwa huhesabiwa kama albamu moja. Ile milioni 50 ya dunia nzima mnayoiona kila mahali ni makadirio, itajeni hivyo.

Wahakiki nao hawakuwa kitu kimoja. David Fricke wa jarida la Rolling Stone aliisifu mno, Robert Christgau hakuipa alama za juu. Sisi tunaona maneno ya nyimbo kadhaa kuhusu wanawake yamechakaa vibaya. Muziki wenyewe haujachakaa.

Je, Bon Scott ndiye aliyeandika maneno haya kabla hajafa?

Scott, mwimbaji wa bendi kabla ya albamu hii, alifariki London tarehe 19 Februari 1980. Nyimbo zote 10 zimeandikwa kwa majina ya ndugu wawili Young na Brian Johnson, mwimbaji aliyetoka bendi ya Geordie. Ubishi kama Scott alichangia maneno upo, lakini mpaka sasa majina hayajabadilika. Alama ya wazi zaidi ya Scott kwenye albamu ni kava: bendi ilitaka jeusi tupu la msiba, kampuni ikang'ang'ania jina lionekane, wakaafikiana kulizungushia mstari wa kijivu.